Mdogo wangu yuko kwenye dozi ya TB, macho yamekuwa ya njano, na wanataka kumpasua mfuko wa nyongo

Cherehani wa Korogwe (mwenye mada)

Wakuu, habari za jioni. Huwa nasoma tu humu na kupita, leo limenifika shingoni.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa Mererani. Huko wanashuka shimoni wanakula vumbi, wakipanda juu wanakula bia. Mwaka huu amerudi nyumbani suruali anaifunga kwa kamba, anakohoa usiku mpaka ng'ombe wa jirani wanaamka. Tukampeleka kituo cha afya, makohozi yakapimwa kwenye GeneXpert, ikatoka TB, ile ya kawaida, si sugu. Akapewa vidonge vitatu kila asubuhi kwa uzito wake wa kilo 50 na ushee. Msimamizi wake wa dawa ni mimi: nakaa naye, anameza nikimtazama, natia alama kwenye kadi, ndipo nafungua duka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kikohozi kilikata, akaanza kuulizia ukoko wa sufuria. Mkojo wa rangi ya chungwa haukututisha, nesi alishatuambia ni dawa. Tunakaribia kumaliza awamu ya kwanza, akaanza kukataa chakula. Harufu ya kitunguu kikikaangwa tu anatoka nje. Akawa anatapika, anashika hapa chini ya mbavu za kulia. Nikampeleka zahanati ya mtu binafsi hapa karibu, wakachukua damu wakasema taifodi imepanda. Akachomwa sindano za mshipani, zile za unga unaochanganywa na maji, wiki nzima. Homa hakuwa nayo tangu mwanzo, lakini nani anabishana na mwenye koti jeupe.

Sindano zimeisha, kutapika kuko palepale. Mama ndiye aliyesema: "Huyu mtoto macho yake yana nini?" Mama mwenyewe ana mtoto wa jicho, lakini aliona kabla yangu.

Hospitali tuliyokwenda baada ya hapo (si ya serikali, siitaji) walimpiga ultrasaundi. Nina karatasi mkononi. Ukuta wa mfuko wa nyongo umenenepa, milimita 6. Ndani ya mfuko kuna tope. Mrija mkuu wa nyongo milimita 4. Ini limekuwa kubwa kidogo. Daktari akasema mfuko umeshaharibika, utolewe wiki hii hii, tuanze kwa kulipa nusu. Hiyo nusu ni bei ya cherehani mbili za umeme, nami ninazo mbili tu.

Nilichokwama nacho: hakuuliza kama mgonjwa anatumia dawa yoyote. Mimi ndiye niliyemtolea kadi ya TB, akaitazama juu juu akasema "endeleeni tu". Sasa naomba mnisaidie, hizi dawa za TB zina uhusiano na mfuko wa nyongo? Kesho asubuhi nimpe vidonge au nisimpe? Na jirani ameshaleta chupa ya mafuta ya zeituni na ndimu kumi anasema za kuyeyusha mawe.

---

Mti Shamba

Dada usikubali kisu. Huyo jirani yako anajua. Nusu kikombe mafuta ya zeituni, nusu kikombe maji ya ndimu, anywe usiku alalie ubavu wa kulia. Asubuhi atajisaidia mawe ya kijani, mtayahesabu wenyewe. Mimi nimefanya, nilitoa mengi.

---

Tabibu wa Kifua

Dada Cherehani, nafanya kazi kliniki ya TB mkoa mwingine. Naanza na la haraka.

Kesho asubuhi USIMPE vidonge. Badala yake mchukue, na kadi yake, na karatasi ya ultrasaundi, na pakiti ya dawa, mwende kliniki ya TB alikoanzishiwa. Mkifika mseme kwa maneno haya: "Yuko kwenye dozi, anatapika, macho ya njano." Hapo hamtakaa foleni. Nakuandikia hivi nikijua kwamba kila siku tunawaimbia watu wasikatize dozi, na wewe umeshika alama zako vizuri. Macho ya njano ni jambo tofauti. Mgonjwa akiwa na manjano, dawa zote zinasimamishwa mpaka ini lipimwe, halafu sisi tunazirudisha kwa utaratibu. Asisimamishe mtu nyumbani akakaa kimya, hilo ndilo kosa. Anasimamisha akiwa njiani kuja kwetu.

Usiku huu mwangalie. Akianza kusinzia ovyo, kuongea yasiyoeleweka, kutokwa damu puani au kwenye fizi, msingoje asubuhi. Asipewe paracetamol, asipewe dawa ya kienyeji ya aina yoyote, na pombe ndiyo kabisa.

Mti Shamba, bila ugomvi: yale uliyohesabu hayakuwa mawe. Mafuta na maji ya ndimu vikikutana na majimaji ya tumboni vinaganda kuwa vidonge laini vya kijani, ni aina ya sabuni. Yaliwahi kupimwa maabara, hayana kolesteroli wala kalsiamu ya mawe ya kweli. Mtu mwenye ini linalougua ukimnywesha mafuta nusu kikombe unamwongezea kutapika tu.

Sasa kuhusu uhusiano. Dawa nne zilizomo kwenye kile kidonge ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Ethambutoli haina shida na ini, yenyewe tunaiogopea macho, yaani uoni. Tatu zilizobaki zinaweza kuumiza ini, na pirazinamidi ndiyo kali kuliko zote. Rifampisini ina tabia yake: inatoka mwilini kupitia nyongo, njia ileile inayopitisha bilirubini, ile rangi ya njano. Kwa hiyo siku za mwanzo bilirubini inaweza kupanda kidogo bila ini kuumia, halafu ikashuka yenyewe. Huyu wenu hayuko siku za mwanzo, na anatapika, kwa hiyo siliweki hapo.

Mtu wa TB mwenye macho ya njano kuna milango mitatu ya kugonga. Wa kwanza, ini limechomwa na dawa. Wa pili, mrija wa nyongo umeziba, na kinachoziba inaweza kuwa jiwe, tezi za TB zilizovimba, hata minyoo. Wa tatu, kuna ugonjwa mwingine uliokuwepo, hasa homa ya ini aina ya B, ambayo huku kwetu ni nyingi na watu hawajui wanayo. Mfuko wa nyongo wenye tope peke yake haumfanyi mtu awe na macho ya njano. Nyongo inashuka kutoka kwenye ini kupitia mrija mkuu. Mfuko ni ghala la pembeni. Ghala likijaa tope njia kuu bado iko wazi.

Nijibu mawili: choo chake kina rangi gani, na anajikuna? Na vipimo vya ini vimefanyika? ALT, AST, ALP, bilirubini.

---

Cherehani wa Korogwe

Asante sana tabibu, Mungu akuweke. Choo ni cha kahawia kama siku zote, nimemuuliza akanuna lakini amejibu. Kujikuna kidogo mgongoni. Vipimo vya ini hawakupima, walipiga picha tu. Kesho alfajiri tunaondoka.

---

Wa Kilifi

Pole sana dadangu. Niko Kenya, naandika kwa sababu mlango wa pili wa tabibu mimi niliupitia.

Yangu ilikuwa TB ya tezi, nyingi zikiwa tumboni. Nilianza dawa za TB, wiki chache baadaye nikaanza na ARV. Wote wakanipongeza, napata nafuu. Halafu mwili ukaanza kuwasha usiku, si kuwasha kwa upele, ni kuwasha kwa ndani, najikuna mpaka damu na ngozi haina kitu. Choo kikawa cheupe, rangi ya udongo wa mfinyanzi. Mkojo sikuweza kuutegemea kwa sababu dawa zilishaubadilisha rangi, na hapa ndipo wengi tunachelewa. Macho yakafuata.

Ultrasaundi yangu ilisema mrija umepanuka, si milimita 4 kama wa ndugu yako. CT scan ikaonyesha uvimbe karibu na kichwa cha kongosho. Daktari mmoja akamwambia mke wangu ajiandae, ni saratani. Mke wangu alikaa na hilo neno moyoni hakuniambia.

Nikapelekwa hospitali kubwa. Wakapitisha kamera mdomoni hadi pale mrija unapofungukia kwenye utumbo, wakaweka bomba dogo la plastiki nyongo ipite, wakanyofoa kipande cha tezi. Haikuwa saratani, ni TB ileile niliyokuwa naitibu. Kumbe kinga ikiamka, na ARV zinaiamsha kwa nguvu, inazishambulia tezi zenye wadudu na zinavimba zaidi kabla hazijanywea. Wakaniongezea prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, dawa za TB hawakuzikata. Bomba lilitolewa baadaye. Mfuko wangu wa nyongo ninao mpaka leo.

Kwa hiyo dada, sikwambii ndugu yako ana hili. Choo chake cha kahawia ni dalili nzuri. Nakwambia mtu asishike kisu kabla ya kujua mlango ni upi. Na kama hajapima HIV tangu aanze TB, apimwe. Si aibu, na inabadilisha mambo. Hata dozi za dawa zinabadilika: dolutegraviri, moja ya zile ARV, ikikutana na rifampisini inamezwa mara mbili kwa siku.

---

Mti Shamba

Haya. Sabuni sikuijua. Lakini nilijisikia vizuri baadaye.

---

Cherehani wa Korogwe

Tumerudi, yeye kabaki amelazwa hospitali ya serikali. Kliniki ya TB walimwona akiwa bado mlangoni, mratibu wa wilaya akapigiwa simu tukiwepo. Dawa zimesimamishwa zote. Majibu haya hapa, nimenakili: ALT 612. AST 540. ALP 148. Bilirubini 98, ile ya moja kwa moja 61. Sukari sawa, damu inaganda sawa. HIV hana. Homa ya ini B hana, C hana. Homa ya mwili hana.

Daktari wa wodini kijana sana, lakini aliuliza maswali mpaka nikachoka. Alipofika kwenye zile sindano za taifodi akaacha kuandika akanitazama. Akaniuliza jina. Nilikuwa nimeweka kichupa kimoja kitupu, sijui kwa nini, tabia ya fundi kutotupa kitu. Seftriaksoni. Akasema "basi tope lako ndilo hilo". Sikuelewa, akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Nani anielezee?

---

Mpiga Picha za Ndani

Hapa nimefika nyumbani. Mimi kazi yangu ni ultrasaundi.

Seftriaksoni sehemu yake isiyo ndogo inatoka kupitia nyongo. Ndani ya mfuko inakutana na kalsiamu, vinashikana, vinatulia chini kama tope, wakati mwingine mpaka vinaonekana kama mawe kabisa, vina kivuli na kila kitu. Nimeshaandika ripoti ya "mawe" kwa watoto waliolazwa kwa homa ya uti wa mgongo, ukirudia picha baada ya wiki kadhaa mfuko ni msafi. Dawa ikisimama, tope linaondoka lenyewe, bila mafuta wala ndimu. Mtu asiyekula na aliyekonda haraka naye anatengeneza tope, kwa sababu mfuko haukamuliwi. Huyu alikuwa na yote mawili.

Sasa ule ukuta wa milimita 6. Kawaida usizidi 3. Watu wakiona umenenepa wanakimbilia kusema mfuko unaugua, na hapo ndipo pesa za cherehani zinapopotea. Ini likiwaka, ukuta wa mfuko unavimba kwa sababu ya jirani yake, hauna ugonjwa wake. Protini ya damu ikishuka, unavimba. Tumbo likiwa na maji, unavimba. Na jambo la kawaida kuliko yote: mgonjwa akiwa amekula, mfuko umejikunja, ukuta unaonekana mnene tu. Ndiyo maana tunasema aje bila kula kwa muda wa saa 6 hadi 8. Aliambiwa asile?

Mfuko unaougua kweli una mambo yake. Kuna jiwe limekaba shingoni, mfuko umejaa kama puto, kuna maji kuuzunguka, na nikibonyeza kwa mashine juu yake mgonjwa anaruka. Sioni hata moja kwenye karatasi uliyoinakili. Mrija wa milimita 4 ni wa mtu mzima wa kawaida, tunaanza kuuliza maswali ukipita 6. Tahadhari moja tu, ncha ya chini ya mrija hufichwa na gesi ya utumbo, jiwe dogo linaweza kujificha pale. Kwa hiyo picha peke yake haimalizi kesi, unaisoma pamoja na damu. Na damu yenu imeshasema.

---

Cherehani wa Korogwe

Alikula chapati tatu na chai njiani. Mimi ndiye niliyemnunulia, na hakuna aliyetuambia kitu.

---

Tabibu wa Kifua

Ndiyo, damu imesema. ALT mwisho wake ni kama 40, yeye ana 612, mara 15. ALP mwisho wake kama 120 au 130 kutegemea maabara, yeye ana 148, imegusa tu. Mrija ukiziba inakuwa kinyume: ALP inapaa, ALT inafuata nyuma. Huu ni mlango wa kwanza, ini limechomwa na dawa, na zile kutapika za mwanzo zilikuwa hilo, si taifodi. Kama angekuwa na homa na kutetemeka pamoja na manjano na maumivu yale ya kulia, ningekuwa naongea lugha nyingine kabisa, kwa sababu nyongo iliyoziba ikiingia usaha inaua ndani ya siku chache, na hapo kufungua mrija hakusubiri mtu atafute hela.

Utakayoyaona wodini, ili usishtuke. Watamwacha bila dawa za TB mpaka manjano yaondoke na ALT ishuke chini ya mara mbili ya kawaida. Hii huchukua wiki mbili tatu, wengine zaidi. Utaona anakaa bure ukaogopa TB inarudi. Kwa mtu aliyekuwa anapata nafuu, muda huo unavumilika. Angekuwa hali mbaya ya kifua wangemweka kwenye dawa zisizogusa ini sana, ethambutoli na levofloksasini kwa mfano, wakisubiri.

Kisha wanarudisha moja moja. Rifampisini kwanza, mara nyingi pamoja na ethambutoli. Siku 3 hadi 7, wanapima ini. Likiwa sawa, isoniazidi. Siku nyingine, wanapima. Ini likikubali zote, wengi hatuirudishi pirazinamidi, na bila hiyo matibabu hayaishii miezi 6, yanakwenda 9. Usikubali mtu akurudishie kile kidonge cha nne-kwa-pamoja siku ya kwanza. Humo huwezi kujua nani mhalifu.

Jambo la kuchekesha kidogo, utasikia. Rifampisini hiyohiyo tunayoishuku, madaktari wa ini huwapa kwa dozi ndogo wagonjwa wanaowashwa kwa nyongo iliyokwama, inatuliza kuwasha. Dawa haina rafiki wa kudumu.

Upasuaji hauna kazi hapa. Anayemlaza huyu usingizi na ini la ALT 612 amtafutie na kaburi. Hata angekuwa na mawe ya kweli: wengi wenye mawe wanazeeka nayo bila kujua, yanatolewa yakileta maumivu, na kwa mtu wa TB tunasubiri makohozi yawe safi kama hakuna dharura.

---

Wa Kilifi

Mwambieni kuhusu pombe. Miezi 9 ni mirefu kwa mtu wa migodi.

---

Cherehani wa Korogwe

Nimerudi kuleta mrejesho, wengi humu huwa hatuleti.

Ametoka wodini. Manjano yalianza kuondoka machoni, mikononi yakachelewa. ALT ilishuka polepole, kuna wakati ilikwama mahali pamoja mama akaanza kuita watu wa dua. Ikateremka tena. Wameanza na rifampisini na ethambutoli, ini likatulia, wakaongeza isoniazidi, likatulia. Pirazinamidi wameandika kwenye kadi kwa wino mwekundu asipewe. Makohozi ni safi. Kadi imeandikwa miezi 9, sasa anameza vidonge vya aina mbalimbali mkononi badala ya vile vitatu, nami nimeshona mfuko mdogo wenye vyumba kwa kila siku ya wiki ili nisichanganye. Majirani wawili wameshaagiza kama huo kwa dawa za presha.

Ultrasaundi ya pili alikwenda bila kula, nilimlinda mwenyewe tangu jioni. Tope hakuna. Ukuta milimita 2. Mpiga Picha, nimekukumbuka.

Suala la bia tumekubaliana kwa maneno, lakini rafiki zake wa Mererani wanapiga simu kila mwisho wa mwezi. Tabibu, kama una cha kumwambia kijana wa aina hiyo niandikie, nitamsomea, mimi ananiona dada tu.

Ile hospitali nayo ilipiga, wakauliza tunakuja lini kulipa ile nusu. Nikawaambia mgonjwa yuko shambani anapalilia.